Shajara ya mradi: uti wa mgongo, dawati na mzigo katika madarasa ya chini ya shule za vijijini

Wiki ya 1: fomu, ridhaa, na tunachotafuta

Mradi una kazi mbili, na kila kazi ina daftari lake. Ya kwanza ni kuwatafuta watoto wachache ambao uti wenyewe wa mgongo umepinda au unaumwa, wafike kwa daktari. Ya pili ni kurekebisha vitu vinavyowakunja watoto wengine wote: dawati, mzigo, mwanga na mahali ubao ulipo. Kazi hizi zikichanganywa, mtoto mwenye ugonjwa huambiwa "kaa wima" mwaka mzima, na mtoto mwenye mgongo mzima, anayejikunja kwa sababu meza inamfika kifuani, hupelekwa kupigwa eksirei isiyo na haja.

Fomu ina mafungu matatu. "Mkao" ni mgongo unaonyooka wenyewe mtoto akijinyoosha au akilala kifudifudi. "Mpindo" ni mgongo usionyooka, au unaoonyesha nundu ya mbavu upande mmoja mtoto akiinama. "Dalili ya hatari" ina ukurasa wake na imeandikwa kwa wino mwekundu. Neno kibiongo limeondolewa kwenye fomu na vinywani mwa wapimaji. Watoto hulidaka upesi, na likishamganda mtu halibanduki hata mgongo wake ukiwa sawa.

Jambo moja wapimaji wote wamelisoma kabla ya kugusa mgongo wa mtu. Skoliosisi, yaani uti kupinda kwenda ubavuni huku pingili zikijizungusha, huhesabiwa kuanzia nyuzi 10 kwenye picha ya eksirei, kwa kipimo cha Cobb, yaani pembe kati ya pingili zilizoinama zaidi juu na chini ya mpindo. Karibu visa 8 katika kila 10 havina chanzo kinachojulikana. Hakuna ushahidi kwamba mkoba mzito au kukaa vibaya ndiko kunakoleta mpindo huo. Mkoba na dawati huleta maumivu, uchovu na mabega yaliyolala, na hayo yanatosha kuwa sababu ya kuvirekebisha bila kumtisha mzazi kwa jambo lisilo kweli.

Inafaa pia kupima faida ya upimaji wenyewe. Mwaka 2018 jopo la Marekani linaloshauri kuhusu huduma za kinga lilisema ushahidi hautoshi kuunga mkono wala kupinga upimaji wa skoliosisi kwa watoto wote wa miaka 10 hadi 18 wasio na dalili. Wanafunzi wetu ni wadogo kuliko hao, na katika umri wao mpindo wa aina hii ni adimu zaidi. Kwa hiyo upimaji umepewa siku chache, na muda mwingi umepewa mbao na msumeno.

Wiki ya 2: chombo cha kupimia

Kipimo cha kuinama kilielezwa na daktari Mwingereza William Adams mwaka 1865, na bado ndicho cha kwanza. Kinachoongezwa siku hizi ni chombo cha kusoma mwinamo wa mgongo kwa nyuzi. Tumetengeneza cha mbao:

– ubao wa sm 20 kwa sm 10, unene sm 1, uliopigwa randa hadi ukingo wa chini ukanyooka kabisa;
– pengo katikati ya ukingo wa chini, upana sm 4 na kina sm 2, ili ubao usikalie ncha za pingili;
– kipimapembe cha shule cha sm 10 kilichogandishwa kwenye uso wa ubao, ukingo wake ulionyooka ukiwa juu na sambamba na ukingo wa chini wa ubao;
– uzi mwembamba kutoka kitovu cha kipimapembe, wenye nati ndogo mwishoni.

Uzi ukisoma 90, mgongo uko sawa pande zote mbili. Tofauti na 90 ndiyo pembe ya mwinamo.

Cha kwanza kiliharibika. Ubao ulikuwa na kimo cha sm 8, nati ikawa inagusa mgongo wa mtoto na kukwama, kila mtu akasoma tofauti ya sifuri. Ndiyo sababu sasa ni sm 10. Cha pili kilisoma nyuzi 2 hata kwenye meza iliyonyooka, kwa kuwa kipimapembe kiligandishwa kikiwa kimeinama. Ni kosa dogo kwa macho, ila kwenye mpaka wa nyuzi 5 na 7 linabadilisha hatima ya mtoto. Kila asubuhi chombo kinahakikiwa hivi: weka kwenye meza iliyopimwa kwa pimamaji, soma 90, inua ncha moja kwa kipande cha sm 1.7, soma tofauti ya nyuzi 5. Inua kwa sm 2.4, soma nyuzi 7. Kisha geuza ubao na urudie upande wa pili.

Simu yenye programu ya kupimia mwinamo nayo inafaa, lakini nyingi zina kamera iliyotokeza mgongoni, na simu huyumba juu yake kama stuli yenye mguu mfupi. Ifunge kwa mpira juu ya ukingo wa ubao uleule wenye pengo, kisha ihakiki kama hapo juu. Usiiweke moja kwa moja juu ya uti.

Wiki ya 3: upimaji

Chumba kimoja kilichofungwa, sakafu tambarare, mwanga ukitokea nyuma ya mpimaji. Watu wazima wawili wakati wote, na mpimaji wa wasichana ni mwanamke. Mtoto havui zaidi ya viatu na shati, na kwa wasichana shati hugeuzwa, vifungo vikawa mgongoni, likafunguliwa nyuma tu. Nywele ndefu zinainuliwa. Asiye na ridhaa ya mzazi hapimwi, wala haulizwi kwa nini mbele ya wenzake.

Akiwa amesimama, miguu pamoja na mikono ikining'inia, angalia kutoka nyuma: mabega, ncha za chini za makombe ya bega, nafasi kati ya mkono na kiuno kila upande, kisha nyonga. Timazi inashikwa kwenye pingili inayotokeza chini ya shingo; uzi upite katikati ya mfereji wa matako. Ukipita kando, andika ni sm ngapi na upande gani. Halafu mtazame kutoka ubavuni.

Kuinama: viganja vimegusana, mikono inaning'inia, magoti yamenyooka, anainama polepole kama anayetaka kugusa sakafu katikati ya miguu yake. Mpimaji anashusha macho yake yafikie kimo cha mgongo. Hapa ndipo wengi hukosea, wanasimama wima na kutazama kutoka juu, na nundu ya mbavu haionekani. Msimamishe mtoto mara tatu njiani: mgongo wa juu unapokuwa tambarare, kisha sehemu ya kati, kisha kiunoni. Weka chombo palipo na tofauti kubwa zaidi, soma, inua, weka tena, soma tena. Masomo mawili yakipishana kwa zaidi ya nyuzi 2, mtoto asimame, apumue, aanze upya.

Makosa yaliyojirudia, kwa mpangilio wa wingi: goti moja limekunjwa, mkono mmoja umetangulia mwingine, bega likajizungusha, mtoto anageuza kichwa kumtazama rafiki yake mlangoni, mpimaji anakandamiza ubao upande mmoja. La goti ndilo baya kuliko yote, kwa sababu hushusha nyonga na kutengeneza mpindo usiokuwepo.

Kwa sababu hiyo kila aliyesoma nyuzi 5 au zaidi alirudiwa akiwa ameketi kwenye benchi, miguu imefika chini, akainama mbele. Pembe ikitoweka akiketi, tatizo huenda liko kwenye urefu wa miguu. Msimamishe, weka vibao vya mm 5, mm 10 na mm 15 chini ya unyayo wa mguu mfupi hadi nyonga zilingane, andika unene uliotosha, kisha mwinamishe tena akiwa juu ya kibao hicho.

Mipaka tunayotumia: chini ya nyuzi 5, hakuna hatua; 5 au 6, kurudia baada ya miezi 3 hadi 6; 7 na kuendelea, rufaa. Nyuzi 7 za chombo si nyuzi 7 za Cobb. Zinasema tu kwamba picha inastahili kupigwa, na barua ya rufaa inaomba ipigwe mtoto akiwa amesimama, mionzi ikiingilia mgongoni, ili kifua kipate kidogo.

Faida ya kuwahi inajulikana. Utafiti uliofanyika Marekani na Kanada na kuchapishwa mwaka 2013 ulilinganisha vijana wenye skoliosisi waliovaa kizibao cha kushikilia uti na waliofuatiliwa tu: asilimia 72 ya waliovaa walimaliza kukua mpindo ukiwa chini ya nyuzi 50, dhidi ya asilimia 48 ya wengine. Waliovaa saa nyingi zaidi kwa siku walifanikiwa zaidi. Lakini kizibao husaidia mfupa unaokua. Aliyekwisha kukua hanufaiki nacho.

Wiki ya 4: ukurasa mwekundu

Wiki hii haikuwa na vipimo vipya. Wapimaji walifundishwa kutambua yasiyosubiri miezi 3.

Kubwa kuliko yote ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, kinachoitwa pia ugonjwa wa Pott kwa jina la daktari Percivall Pott aliyekieleza mwaka 1779. Mgongo wa mkao mbaya una mviringo mpana, kama upinde. Wa kifua kikuu huwa na kona: pingili moja au mbili zimetokeza mahali pamoja, na ukipitisha kidole juu ya uti unakihisi kikiruka. Mtoto anaweza asikohoe kabisa. Tazama anavyookota. Dondosha chaki mbele yake. Mtoto wa kawaida anakunja kiuno na kuichukua. Huyu anachuchumaa taratibu, mgongo umekaza kama ubao, mkono mmoja umeegemea paja, na akiinuka anajipanda kwa mikono juu ya mapaja yake mwenyewe. Ukiona hivyo, usimwinamishe, usimpe mazoezi, usimnyooshe. Anakwenda kituo cha afya siku hiyohiyo, na barua itaje miguu: je, imedhoofika, inakufa ganzi, anajikojolea bila kujua?

Mengine kwenye ukurasa: maumivu yanayomwamsha usiku, homa au kukonda, mpindo wa mgongo wa juu unaotokeza kushoto, kwa kuwa ule wa kawaida hutokeza kulia, kishungi cha nywele au kishimo katikati ya mgongo wa chini, mabaka ya kahawia 6 au zaidi, kila moja likizidi mm 5. Matege yanayoambatana na viungo vya mikono vilivyonenepa nayo yanapelekwa, maana mifupa laini hupinda mgongoni pia.

Kuna na shingo. Mtoto anayekaa kichwa upande kila siku akaguliwe macho na masikio kabla ya kusemwa. Mwenye makengeza au asiyeona vizuri hupata pembe inayomfaa akabaki nayo, na asiyesikia vizuri hugeuzia mwalimu sikio zima. Kumnyoosha shingo ni kumnyang'anya dawa aliyojitafutia.

Wiki ya 5 hadi ya 7: dawati

Hapa ndipo penye kazi. Mabenchi yaliyoungana na meza yametengenezwa kwa saizi moja kwa shule nzima: kiti sm 43, meza sm 71. Hiyo inamfaa mwanafunzi wa kimo cha sm 146 na zaidi. Mtoto wa sm 120 ana takriban sm 30 kutoka unyayo hadi nyuma ya goti. Miguu yake inaning'inia, ukingo wa kiti unambana mapaja, anasogea mbele hadi vidole viguse chini, na akishasogea hana tena cha kuegemea. Meza inamfika karibu na makwapa, kwa hiyo anainua bega moja ili aandike. Asubuhi nzima iko hivyo. Mwalimu akisema "kaa wima", mtoto hukaa wima kwa muda wa sentensi moja.

Vipimo tulivyochukua kwa kila mtoto ni vitatu: kimo, sakafu hadi nyuma ya goti, na kiti hadi kiwiko, mkono ukining'inia na kiwiko kimekunjwa. Kimo kinapimwa asubuhi kwa wote, maana mtu hupungua takriban sm 1 ifikapo jioni. Saizi tulizochagua ni za kiwango cha Ulaya EN 1729:

– kimo sm 108 hadi 121: kiti sm 31, meza sm 53;
– kimo sm 119 hadi 142: kiti sm 35, meza sm 59;
– kimo sm 133 hadi 159: kiti sm 38, meza sm 64.

Mafungu yanapishana kwa makusudi. Aliye kwenye mpaka anachaguliwa kwa kipimo cha goti, si kwa kimo.

Kosa la wiki ya 5: mabenchi mawili yalikatwa miguu sm 12 ili kiti kifike sm 31. Kiti kilifika. Meza, iliyoungana nacho, ikafika sm 59, wakati mtoto huyo anahitaji 53. Miguu ikagusa sakafu na mabega yakabaki juu vilevile. Ukitazama orodha hapo juu utaona jambo ambalo fundi hakuambiwa: tofauti kati ya kiti na meza ni sm 22 kwa wadogo, kisha 24, kisha 26, na kwenye benchi letu ni 28. Kukata miguu hakubadilishi tofauti hiyo hata kidogo. Mabenchi hayo mawili yalibidi yashushwe ubao wa meza kwa sm 6, kwa kufungua skrubu na kutoboa upya mihimili.

Njia ya pili haikati kitu, na ndiyo inayoendelea. Meza inabaki sm 71. Kiti kinainuliwa na miguu inapewa ubao wa kukanyaga. Kwa saizi ndogo kiti kinafika sm 49, yaani kinaongezwa sm 6, na ubao wa kukanyagia uko sm 18 kutoka sakafuni. Kwa saizi ya kati kiti sm 47, ongezeko sm 4, kikanyagio sm 12. Kwa kubwa kiti sm 45, ongezeko sm 2, kikanyagio sm 7. Mwanafunzi akikua, fundi anatoa kipande kimoja cha kiti na kushusha kikanyagio. Benchi halitupwi.

Yaliyoharibika kwa njia hii: kikanyagio cha upana wa sm 10 kilikuwa kama kamba ya kutembelea, watoto wakaning'iniza visigino, kimeongezwa hadi sm 25, unyayo wote ukae. Kikanyagio kilichopigiliwa misumari kililegea ndani ya siku chache, kwa sababu watoto husimama juu yake, hawakikanyagi tu. Sasa ni skrubu, na kipande cha mshazari chini katikati. Na benchi lililoinuliwa kiti hupinduka kirahisi zaidi mtoto akiegemea nyuma. Miguu ya nyuma imeongezewa mbao za sakafuni zinazotoka sm 15 nje ya kiti.

Bado kuna pengo la mlalo. Kati ya ukingo wa kiti na ukingo wa meza palikuwa na nafasi ya sm 12, iliyoachwa ili wanafunzi waweze kusimama mwalimu anapoingia. Nafasi hiyo ndiyo inayomvuta mtoto mbele. Inapaswa kuwa sifuri, au ukingo wa kiti uingie kidogo chini ya meza. Tumesogeza ubao wa meza kuelekea kwa mtoto. Gharama yake ni kwamba sasa wanatoka kwa pembeni, na wa katikati kwenye benchi la watatu hawezi kutoka bila kumsumbua jirani. Suluhisho ni wawili kwa benchi, na mabenchi hayatoshi. Kwa sasa wa katikati ni yule mwenye kimo kidogo zaidi, na nafasi zinabadilishwa kila wiki.

Kina cha kiti: mtoto akiegemea nyuma kabisa, vidole viwili au vitatu vipite kati ya ukingo na nyuma ya goti. Kiti kirefu kuliko hapo kimewekewa ubao wa kuegemea ndani zaidi. Ukingo wa mbele umezungushwa kwa randa na kupigwa msasa.

Mwinamo wa meza umejaribiwa kwenye mabenchi machache: nyuzi 10, ambazo kwa meza yenye kina cha sm 40 ni kuinua ukingo wa mbali kwa sm 7. Kichwa kinapanda, shingo inapumua. Penseli zikateremka zote. Kijiti cha mm 8 kwenye ukingo wa chini kimezuia penseli, lakini kinaumiza mkono unaoandika kama hakijazungushwa kingo.

Wiki ya 8: mzigo

Mikoba ilipimwa kwa mizani ya kuning'iniza, mtoto naye kwa mizani ya kusimama. Lengo ni mkoba usiozidi asilimia 10 ya uzito wake, na 15 ndiyo mwisho. Mtoto wa kg 25 abebe kg 2.5. Kilichopatikana ndani si vitabu vya siku hiyo bali vitabu vyote, kwa kuwa mtoto haamini ratiba. Kila darasa limepata kabati la mbao lenye vyumba, na vitabu vya kiada vinalala shuleni.

Mfuko wa kamba moja hufanya bega linalobeba lipande na uti uelemee upande wa pili. Umeongezewa kamba ya pili, upana sm 5, na chini ya mfuko usiteremke zaidi ya sm 10 chini ya kiuno.

Maji ni uzito wa kweli kuliko vitabu. Dumu la lita 10 ni kg 10 kabla ya kuhesabu dumu lenyewe, yaani asilimia 40 ya mtoto wa kg 25, na mkononi linamvuta upande mmoja njia nzima. Barua kwa wazazi haikatazi, maana kukataza kusikowezekana hakusomwi. Inasema: gawanya kwa vyombo viwili sawa, mkono huu na huu, tumia vyombo vidogo na ongeza safari, jaza hadi shingoni mwa chombo, kwa kuwa maji yanayocheza ndani ya dumu nusu hutikisa mgongo kila hatua, hivyo chombo kidogo kilichojaa ni bora kuliko kikubwa nusu.

Wiki ya 9: ubao, mwanga, dakika mbili

Mabenchi yaliyopangwa ubavuni mwa ukuta yamegeuzwa yaelekee ubao. Aliyekaa upande hujisokota kiuno kipindi kizima. Safu ya kwanza imerudishwa mita 2 kutoka ubaoni. Madirisha yawe kushoto kwa anayeandika kwa mkono wa kulia; mashoto wamepewa upande mwingine.

Kila baada ya dakika 20 hadi 30 darasa linasimama kwa dakika mbili: mikono juu na kujinyoosha, makombe ya bega yakutanishwe mara 10, kuinama na kuinuka mara 5. Hakuna "kifua mbele" cha kijeshi, kinakunja kiuno kuelekea mbele na kuleta uchovu wa aina nyingine. Mwalimu asiyeamini alipewa kazi ya kuhesabu sauti, naye sasa ndiye anayekumbuka saa.

Wiki ya 10: kinachosubiri

Waliosoma 5 na 6 wana tarehe zao kwenye fomu, na mpimaji wa pili asiyeona namba za kwanza ndiye atakayewapima. Kimo cha wote kitachukuliwa tena mwisho wa muhula. Atakayekuwa amerefuka haraka atasogezwa mbele kwenye foleni ya kuinama, kwa sababu mpindo huongezeka kasi mwili unapokua kasi. Vikanyagio vya chumba cha mwisho bado havijapigwa skrubu. Mbao zilizoletwa zilikuwa mbichi, zimejipinda, na zimeanikwa kivulini juu ya vijiti hadi zikauke.